Tiba ya mwanga kwa mbwa mzee: nilicholipia na nilichokiona

Nyota 4 kati ya 5 kwa kliniki iliyomtibu mbwa wangu Kahawa kidonda kwa leza, yaani mwanga maalumu wa mashine. Niseme mapema kwamba nyota tatu kati ya hizo ni za daktari na moja ndiyo ya mashine. Watanzania na Wakenya kadhaa wa hapa Minnesota wenye mbwa wa umri mkubwa wamekuwa wakiniuliza kama tiba hii ina maana, kwa sababu bei yake si ya mchezo na matangazo yamejaa kila mahali. Basi nawaandikia wote kwa pamoja.

Kahawa ni Labrador wa rangi ya chokoleti, ana miaka 13 na kilo 34, na nyonga zake zimechoka. Mbwa wa uzito huo akiwa na maumivu ya viungo hajilazi taratibu, anajibwaga. Kiwiko cha kushoto ndicho kinachotangulia kufika chini, na sakafu yetu ni ya mbao tupu. Kwa miaka mingi pale kiwikoni palikuwa na sugu nene isiyo na nywele, jambo la kawaida kwa mbwa wakubwa. Majira ya baridi yaliyopita ile sugu ilipasuka ikawa kidonda cha upana wa sarafu ya senti 25, na kidonda kikagoma kufunga.

Mimi ni mhudumu katika nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku. Vidonda vya kulalia navijua vizuri. Harufu yake naitambua kabla bendeji haijafunguliwa. Mfupa ukiikandamiza ngozi muda mrefu, damu haipiti, nyama inaanza kufa kuanzia ndani, na unachokiona juu ni kidogo kuliko kilichojificha chini. Kwa wazee wetu wasioweza kujigeuza, tunawageuza kila baada ya saa 2. Mbwa huwezi kumwekea ratiba ya namna hiyo, lakini ngozi ni ngozi. Kwa hiyo nilikwenda kwa madaktari wa wanyama nikiwa na maswali yangu ya kazini.

Kliniki ya kwanza sitaitaja jina. Walimtazama Kahawa dakika chache wakanipa karatasi ya kifurushi cha leza, na bei ya ofa chini yake. Hakuna aliyeuliza anakunywa maji kiasi gani, hakuna aliyeuliza analala wapi, hakuna aliyechukua hata tone la majimaji ya kidonda kuliangalia. Nilishukuru nikaondoka.

Kliniki ya pili, hii ninayoipa nyota, daktari alianza kwa kuniambia kwamba leza anayo, ila haiwashi mpaka ajue kwa nini kidonda cha mbwa huyu hakifungi. Hapo ndipo nilipotulia. Alichukua damu kupima sukari, figo, na tezi ya thairoidi iliyoko shingoni. Akapima pia ugonjwa wa Cushing, ambapo mwili hutengeneza homoni ya kotisoli kupita kiasi, ngozi ikawa nyembamba na vidonda vikachelewa kupona. Ni ugonjwa unaowapata zaidi mbwa wa makamo na wazee. Kisha akachota majimaji ya kidonda kwenda kuoteshwa maabara, akakata na kipande kidogo cha ukingo wake. Alinieleza sababu ya kile kipande: saratani ya ngozi ya mbwa inaweza kukaa miezi ikionekana ni kidonda cha kawaida, na juu ya saratani leza haipitishwi. Mwanga unaochochea seli kufanya kazi haubagui seli.

Majibu yalirudi hakuna saratani. Thairoidi ilikuwa chini, na kidonda kilikuwa na bakteria ambao dawa tuliyopewa mwanzoni haikuwaweza. Akaandikiwa vidonge vya thairoidi, akabadilishiwa antibayotiki kufuatana na majibu ya maabara, na mimi nikaagizwa kubadilisha malazi yake: godoro la povu zito, mazulia njia nzima kutoka mlangoni hadi jikoni, na pedi ya kiwiko yenye tundu katikati ili kidonda kisiguse chini. Baada ya hayo yote ndipo leza ikaingia.

Nieleze kidogo inavyofanya kazi, kwa sababu wengi wanadhani ni joto, au ni ile leza ya kukatia. Mwaka 1967 daktari mmoja wa Budapest, Endre Mester, aliwanyoa panya migongo akawapiga mwanga wa leza ya rubi, akitaka kujua kama unaleta saratani. Saratani haikutokea. Kilichomshangaza ni kwamba panya waliopigwa mwanga waliota manyoya haraka kuliko wenzao. Kutoka hapo akahamia kwenye vidonda, na huo ndio mzizi wa tiba hii. Mwanga unaotumika ni mwekundu, au ule unaofuata baada ya wekundu ambao jicho halioni, wenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 600 na 1100 hivi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ndani ya mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nishati, kuna kimeng'enya kiitwacho saitokromu oksidezi kinachoufyonza mwanga huo. Seli ikapata nishati zaidi, mishipa midogo ya damu ikatanuka, uvimbe ukapungua.

Dozi yake hupimwa kwa jouli, yaani kizio cha nishati, kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Kwa kidonda cha juu juu mara nyingi utasikia jouli 2 hadi 8. Pungufu sana, hakuna kinachotokea. Nyingi kupita kiasi, seli zinazubaa badala ya kuchangamka. Hilo la pili watu wengi hawalijui, na litarudi mbele kidogo.

Sasa chumba chenyewe. Mlangoni kuna bango la onyo, na mlango unafungwa kabla mashine haijawashwa. Muuguzi alivaa miwani ya kinga, akanipa yangu, akamvalisha Kahawa miwani ya mbwa yenye mkanda wa kupita nyuma ya masikio. Msiichukulie kama mbwembwe ya kupigia picha. Leza yao ni ya daraja la 4, maana yake nguvu yake inazidi miliwati 500, na kwa kuwa sehemu kubwa ya mwanga wake haionekani, jicho halipati onyo la kufumba kabla halijaumia. Meza ya chuma ilitandikwa blanketi, maana chuma kinarudisha mwanga. Kidonda kikaoshwa kwa maji ya chumvi mpaka mafuta yote ya dawa yakatoka, na nywele za pembeni zikanyolewa, kwa sababu nywele zinaumeza mwanga kabla haujafika kwenye ngozi.

Kabla ya kuanza, yule muuguzi alijipiga mwanga kwenye mkono wake mwenyewe, juu ya kifundo, akahesabu kimyakimya, akapunguza nguvu kwenye kioo cha mashine. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ni kwa sababu ya rangi ya Kahawa. Ngozi nyeusi na nywele za rangi nzito hufyonza mwanga mwingi na kuugeuza joto, kwa hiyo mbwa wa namna hii anaweza kuungua kwa kiwango ambacho mbwa mweupe hata hakisikii. Suluhisho lao ni kupunguza nguvu, kurefusha muda, na mkono kutosimama mahali pamoja. Akaanza: mistari ya kwenda na kurudi, kisha ya kukatiza, kichwa cha mashine kikielea juu ya kidonda bila kukigusa, kikivuka kingo na kuingia kwenye ngozi nzima inayokizunguka. Kila baada ya mistari michache alikuwa anaweka kiganja cha mkono wa pili pale alipotoka kupita, kupima joto. Dakika chache tu, mashine ikalia, imekwisha. Kahawa alikuwa amelala anakoroma. Kwa mbwa ambaye kukata kucha tu ni vita, hilo peke yake lilinifurahisha sana.

Nilikuwa napiga picha kidonda nyumbani nikiweka rula ya karatasi pembeni, kama tunavyofanya kazini. Kilianza na milimita 26. Sakafu yake ilikuwa ya kijivu iliyopauka, na kingo zimejikunja kwa ndani, dalili mbaya ninayoijua, kwamba ngozi imeacha kusonga mbele. Mwanzoni tulikuwa tunakwenda mara tatu kwa juma, halafu mbili, halafu moja. Kitu cha kwanza kubadilika hakikuwa ukubwa, kilikuwa rangi. Kijivu kikaondoka, ikaja nyama nyekundu yenye vichembe vichembe, inayotoa damu kidogo ukiigusa na pamba. Kisha pembezoni kukatokea ukanda mwembamba wa waridi, upana wa uzi, ambao ndio ngozi mpya inayotambaa kutoka ukingoni kwenda katikati. Nilipouona ule ukanda nilimpigia simu mume wangu akiwa kazini.

Kidonda kilifika milimita 15 kikasimama hapo, kikatutia roho juu. Mimi nilitegemea daktari ataongeza dozi. Alifanya kinyume. Aliishusha, akaachanisha siku za kuja, akisema kidonda ambacho tayari kina nyama nzuri hakihitaji kuchochewa kwa nguvu ile ile ya kidonda kilicholala. Aliikagua na pedi ya kiwiko, akakuta imebonyea, tukanunua nyingine. Baada ya hapo kidonda kilitembea: 8, kisha kigaga, kisha kovu laini lisilo na nywele katikati. Pembeni, pale paliponyolewa, nywele zilirudi nzito na upesi kuliko upande wa pili wa mwili aliponyolewa kwa ajili ya kutolewa damu. Niliwakumbuka wale panya wa Budapest.

Je, ni leza iliyoponya? Nafanya kazi na vidonda, siwezi kuwapa jibu la mkato. Thairoidi ilirekebishwa, bakteria wakapata dawa yao, kiwiko kikaacha kugonga mbao, na mwanga ukaongezwa juu ya hayo. Tafiti zenyewe kwa mbwa ni ndogo na hazisemi kauli moja. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa vidonda vya wazi kwa mbwa ambao haukuona faida ya leza. Mwaka 2019 ukachapishwa mwingine wa mbwa 9 waliofanyiwa upasuaji wa mgongo, na makovu ya waliopata leza yakaonekana bora. Ule wa 2015 ulihusu vidonda vilivyofanywa kwa makusudi kwenye ngozi ya mbwa wenye afya, na ngozi yenye afya inajifunga yenyewe vizuri tu. Mimi ninaamini mwanga ulikiamsha kidonda cha Kahawa, kwa sababu niliiona rangi ikibadilika muda mfupi baada ya kuanza, baada ya kukaa kijivu huku dawa na malazi mapya tayari vikiwa vimeshaanza. Lakini naamini vilevile kwamba mwanga huo huo, kwenye kliniki ya kwanza, juu ya kidonda chenye bakteria sugu na mbwa mwenye thairoidi ya chini, ungekuwa hela iliyomwagwa.

Kuhusu hela: kipindi kimoja ni dola 45, na ukinunua vipindi 6 kwa pamoja ni dola 240. Vipimo na maabara vilizidi gharama ya leza yote, na ndiyo pesa niliyoitoa bila kinyongo. Kama bajeti inakulazimu uchague kimoja, chagua vipimo.

Nyota ya tano nimeizuia kwa mambo mawili. La kwanza, leza inaendeshwa na muuguzi mmoja tu, akiugua au akienda likizo hakuna wa kumshikia nafasi, na kidonda hakijui likizo. La pili ni kubwa zaidi kwangu: risiti inaandikwa «tiba ya leza», basi. Dozi haipo, nguvu haipo, eneo halipo. Ilinibidi niombe kila mara waniandikie jouli walizotoa. Waliniandikia bila ubishi, lakini kwa kitu kinachofanya kazi kwa kipimo, inapaswa iwe desturi. Mbwa akihama kliniki, daktari mpya ataanzia wapi?

Rafiki yangu mmoja wa Brooklyn Park alinunua mtandaoni kifaa cha mkononi cha mwanga mwekundu, akanipa nikijaribu. Nilikipeleka kliniki kwanza wakakiangalia. Hakina urefu wa mawimbi ulioandikwa, hakina nguvu, hakina muda. Kina maneno kwamba kinaponya viungo, vidonda, masikio na meno. Muuguzi alisema hana namna ya kukokotoa dozi kwa kifaa kisichojieleza. Nikamrudishia mwenyewe. Vipo vifaa vya nyumbani vinavyoandika kila kitu, kwa mfano nanomita 650 na 808, na miliwati zake, na vingine madaktari huwapa wateja wavitumie chini ya maelekezo yao. Kabla ya kununua soma ubavuni mwa kifaa. Kama namba hizo hazipo, usinunue.

Ipo pia aina nyingine ambayo baadhi ya kliniki zinayo: jeli inapakwa juu ya kidonda, kisha inamulikwa kwa taa ya buluu kwa dakika 2, na jeli inaugeuza mwanga huo kuwa wa rangi mbalimbali. Kahawa hakutibiwa kwa hiyo, kwa hiyo siipi nyota wala siinyimi.

Mama yangu yuko Machame. Nilipomwambia kwa simu kwamba Kahawa anapelekwa kupigwa mwanga, alinyamaza, halafu akauliza, «Mwanangu, kumbe na wao vidonda vyao vinakataa kupona kama vya baba yako?» Nikamwambia, «Ndiyo mama, wakizeeka inakuwa hivyo.» Akaniambia nimpe pole sana. Juma lililofuata akanipigia mwenyewe: mbwa wao wa pale nyumbani naye ana kidonda mguuni, na jirani anafuga kuku, ana ile taa nyekundu ya vifaranga. Je, wammulike nayo?

Namwandikia mama hapa nilichomjibu, kwa kuwa najua si yeye peke yake atakayelifikiria. Taa ya vifaranga ni ya joto. Nyingi ni za wati 250, na kazi yake ni kupasha banda. Ukimlaza mbwa chini yake, kitakachofika kwenye kidonda ni moto wa kukausha na kuunguza ngozi, hasa mbwa mzee asiyeweza kuinuka upesi kuukimbia. Haina uhusiano na leza zaidi ya rangi.

Kwa mbwa wa mama, yapo ya kufanya leo bila mashine yoyote. Chemsha maji lita 1, tia chumvi gramu 9, yakipoa osha kidonda taratibu asubuhi na jioni. Usimwagie spiriti wala haidrojeni peroksaidi; zinaua na nyama mpya inayojitahidi kuota. Nyoa nywele za pembeni ili usaha usigande. Kifunike kidonda dhidi ya nzi, kwa sababu nzi wakitaga hapo, kesho una funza. Mtandikie magunia mazito au godoro kuukuu mahali pakavu, na kama analamba sana mtafutie kola ya kumzuia. Kidonda kikipita majuma mawili hakijapungua, au kingo zikiwa ngumu na kuinuka, asiendelee kupakwa chochote mpaka mtaalamu akione.

Na kuhusu maumivu: najua nyumbani kuna vidonge vyangu nilivyomletea mama vya mgongo. Asimpe mbwa. Ni ibuprofeni, nayo inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumuua figo, hata kwa kiasi ambacho mtu anameza bila wasiwasi. Ampigie afisa mifugo wa kata, amweleze uzito na umri wa mbwa, aje amwone.